Kila Mtu na Ufunguo Wake: Orodha ya Wafanyakazi na Taarifa za Afya

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahudumu wa afya na maafisa wa wadi, Chewele



Nimepewa dakika chache nieleze jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, yaani kuunganisha orodha ya wafanyakazi na mfumo wa takwimu za afya. Kwa kweli linamhusu kila mgonjwa anayeingia zahanati. Nani anaruhusiwa kufungua taarifa zako? Na siku akiondoka kazini, nani anauchukua ufunguo?

Nianze na mfumo wenyewe. Takwimu za afya nchini huwekwa kwenye programu ya DHIS2, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mwaka 2011 ilijaribiwa kwanza Pwani, mkoa ambao Tana River ilikuwa ndani yake, kisha ikaenea nchi nzima. Humo huingia hesabu za chanjo, za kujifungua na za malaria. Halafu Septemba 2023 Serikali ya Kitaifa ilizindua vifaa vya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, na taarifa zikafika hadi mlangoni pa nyumba. Simu ya mhudumu sasa ina jina la mama mjamzito na la mtoto aliyekosa chanjo. Hizo si hesabu tena, ni siri za watu.

Sasa tatizo ambalo wengi wenu mnalijua. Muuguzi anafunguliwa akaunti. Anahamishiwa Madogo, akaunti ya kituo cha zamani inabaki wazi. Mwenzake anastaafu, yake pia inabaki. Anayekuja badala yake bado hajafunguliwa, basi anapewa nywila ya mwingine, imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Mwisho wa mwezi hesabu zina kosa, na jina linaloonekana ni la mtu aliyeondoka zamani. Hakuna wa kuulizwa.

Dawa yake ni kuunganisha mambo mawili. La kwanza ni orodha kuu ya wafanyakazi, inayotunzwa mahali pamoja na wanaohusika na ajira. La pili ni mfumo wa takwimu. DHIS2 inaweza kuungana na orodha ya nje kwa njia iitwayo LDAP. Ukiandika nywila yako, mfumo hauiamui wenyewe, unaiuliza orodha: huyu ndiye kweli? Orodha ikikubali, unaingia. Jina lako likifungwa kwenye orodha leo, kesho huingii, hata kama hakuna aliyekumbuka kumpigia simu fundi.

Lakini tusidanganyane. Orodha inajibu swali moja tu, wewe ni nani. Swali la pili, unaruhusiwa kuona nini, bado hupangwa ndani ya mfumo wa takwimu. Muuguzi wa Chewele hana sababu ya kufungua taarifa za Kipini. Msimamizi asipopanga hilo vizuri, tutakuwa tumeweka kufuli mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Kuna hatari nyingine pia. Orodha mbili zikianza kuzungumza, kosa la moja huhamia nyingine. Majirani zetu wa Garissa wameonja hilo. Maelfu ya Wakenya, wengi wakiwa watoto, waliandikishwa kama wakimbizi Dadaab ili familia zipate chakula na huduma. Walipofikia umri wa kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana kwenye orodha ya wakimbizi, wakakwama kwa miaka. Mashine haikukosea kusoma. Orodha ndiyo iliyokuwa na kasoro, na mtu hakuwa na mahali rahisi pa kuisahihisha.

Ndiyo maana orodha isafishwe kwanza, kuunganisha kufuate. Huku kwetu Halima Mohamed wanaweza kuwa watatu katika wadi moja. Basi jina pekee halitoshi. Tutumie namba ya mfanyakazi. Pia pawe na mtu anayejulikana wa kumlalamikia ukifungiwa kimakosa, na njia ya kufanya kazi mtandao ukikatika. Mafuriko ya Novemba 2023 yametufundisha kwamba barabara na mawasiliano havingoji ruhusa yetu ili vikatike. Mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu kompyuta haikumtambua muuguzi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya kugunduliwa. Kama watu watano wanatumia nywila moja, tutaeleza nini katika saa hizo?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Usimpe mtu nywila yako, hata akiwa ndugu au mkubwa wako kazini. Wasimamizi wa vituo, mtu akihama au akistaafu, toeni taarifa siku hiyohiyo, msingoje mwisho wa mwezi. Na kila mmoja ahakikishe jina na namba yake kwenye orodha vinalingana na kitambulisho.

Katika vijiji vyetu kila mtu anamjua mwenzake. Mama akisikia habari za ugonjwa wake kisimani, hatarudi kliniki, na atawaambia wenzake wasiende. Imani hiyo tukiipoteza, hakuna mfumo utakaoirudisha.

 Mwenye swali aulize.