Foleni ya Chanjo: Nani Alisaini, na Alisaini Nini?



Nimepewa dakika kumi nizungumzie jinsi serikali zinavyonunua chanjo wakati wa janga. Nilipomwambia mwenzangu mmoja akacheka: UVIKO tena? Si tulishaweka barakoa kabatini? Sawa. Barakoa ziko kabatini, ila na mikataba nayo iko kabatini, tena mingine imepigwa kufuli.

Tuanze na foleni inavyopangwa. Mnamjua fundi cherehani wiki ya Idd. Vitambaa vimejaa mpaka mlangoni, kila mteja ameahidiwa Jumatano. Cha nani kinakatwa kwanza? Cha yule aliyetanguliza hela kabla Ramadhani haijaanza. Mwaka 2020 nchi tajiri zilifanya hivyohivyo, zikatanguliza hela kwa chanjo ambazo hakuna aliyejua kama zitafanya kazi. Umoja wa Ulaya ulisaini na AstraZeneca Agosti 2020, dozi milioni 300 na nafasi ya kuongeza milioni 100. Chanjo yenyewe bado ilikuwa kwenye majaribio.

Na hata aliyetanguliza hela hakuwa salama. Robo ya kwanza ya 2021 Ulaya ilitarajia dozi milioni 120, ikapata kama milioni 30. Kwenda kusoma mkataba, kumbe kampuni iliahidi kujitahidi kadiri inavyowezekana. Maneno hayo yakawapeleka mahakamani Brussels, wakaja kumalizana Septemba 2021. Kama Ulaya na mawakili wake wote wale ilibanwa na maneno matatu, hebu jiulize sisi.

Sasa bei. Hapa ndipo penye utamu, au uchungu, chagua mwenyewe. Desemba 2020 kiongozi mmoja wa serikali ya Ubelgiji, Eva De Bleeker, aliweka bei za Ulaya kwenye Twitter, akafuta haraka. Watu walishapiga picha. AstraZeneca: euro 1.78 kwa dozi. Mwezi uliofuata Afrika Kusini ikatangaza inanunua dozi milioni 1.5 za chanjo hiyohiyo, iliyotengenezwa na Serum Institute ya India, kwa dola 5.25. Zaidi ya mara mbili! Wizara yao ya afya ikaeleza sababu waliyopewa: nchi tajiri zilichangia utafiti, kwa hiyo zinapunguziwa. Lakini chanjo hiyo ilifanyiwa majaribio Afrika Kusini pia, kwenye mikono ya watu wake. Mikono hiyo haikuhesabiwa kuwa mchango.

Mengine tumeyajuaje? Shirika la kiraia, Health Justice Initiative, lilikwenda mahakamani, na Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru mikataba itolewe. Ikatolewa. Johnson & Johnson, dola 10 kwa dozi, wakati kwenye orodha ile ya De Bleeker Ulaya ni 8.50. Mtu akidhurika na chanjo, mzigo wa fidia unabebwa na serikali. Na serikali ilikubali isizuie chanjo kutoka nchini. Ndiyo maana mwaka 2021 chanjo zilikuwa zinajazwa kwenye chupa kiwandani Aspen, mji wa Gqeberha, halafu zinapandishwa ndege kwenda Ulaya, huku Waafrika wengi hawajapata hata dozi moja.

Mimi simlaumu sana aliyesaini. Watu wanakufa, unaletewa karatasi unaambiwa saini au kaa pembeni, utasaini tu. Nguvu ya kubishana unaipata mkienda wengi. Machi 2021 Umoja wa Afrika, kupitia AVAT, ulisaini dozi milioni 220 za J&J na nafasi ya kuongeza milioni 180, Afreximbank ikiweka dola bilioni 2. Tatizo ni kwamba tulichelewa. COVAX nayo iliegemea mno kiwanda cha India, na India ilipobana kuuza nje mwezi huohuo, foleni ikasimama.

Na sisi Watanzania? Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya COVAX, dozi zaidi ya milioni moja, Machi 3, 2021. Siku hiyo sisi hatukuwa hata kwenye foleni. Januari, Rais Magufuli alishazikataa chanjo hadharani, na takwimu zetu ziliishia kwa wagonjwa 509 tangu mwaka wa nyuma. Dozi zetu za kwanza, 1,058,400, zilitua Julai 24, msaada wa Marekani kupitia COVAX. Rais Samia akachanjwa hadharani Julai 28. Kwa hilo nampongeza, jamani, tusiwe wachoyo. Lakini anayepewa hachagui aina ya chanjo wala hapangi siku ya kuletewa.

Kisha Septemba ukaja mkopo wa IMF, dola milioni 567, yaani shilingi trilioni 1.3. Mabango yake mmeyaona kwenye madarasa. Madarasa ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ila lile ni deni, tutalilipa mimi na wewe, na lilikopwa kwa jina la ugonjwa huu.

Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ina mianya mingi ya kukunyima, masuala ya kibiashara yakiwemo, lakini raia ana haki ya kuomba. Napendekeza tuiandikie Wizara ya Afya barua moja yenye maswali mawili. Masharti gani yalisainiwa ili tupokee zile chanjo za 2021? Na mtu akidhurika, fidia analipa nani? Rasimu ninayo kwenye simu. Anayetaka jina lake liwemo abaki baada ya kikao, aje na namba ya NIDA.

Maswali sasa. Tuanze na dada yule wa nyuma.