Hati ya Mashtaka Isigeuke Hukumu



Mtu anapofikishwa mahakamani katika Tanzania na kusomewa mashtaka, jambo la kwanza ambalo jamaa zake hutaka kulijua si uzito wa ushahidi, bali kama kosa lenyewe lina dhamana au halina. Wanajua wanachouliza. Kosa likiwa na dhamana, itatafutwa barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, watakuja wadhamini, mara nyingi mmoja wao mwalimu au mtumishi wa serikali mwenye kitambulisho cha kazi, na mshtakiwa atalala kwake. Likiwa halina, hata hakimu akiona mbele yake mzee wa miaka 70 asiyeweza kukimbia hatua kumi, hana la kufanya. Atasema kesi inaahirishwa kwa siku 14 kwa kuwa upelelezi haujakamilika, na baada ya siku 14 atasema hivyo hivyo.

Basi ni nani hasa anayemweka mtu huyo mahabusu? Si hakimu, maana sheria haikumpa nafasi ya kupima. Ni yule aliyeandika hati ya mashtaka. Akiandika wizi peke yake, mtu anaweza kurudi nyumbani. Akiongeza utakatishaji wa fedha, mtu yule yule, kwa tendo lile lile, anabaki ndani mpaka kesi iishe. Mwendesha mashtaka ni upande mmoja wa shauri. Upande mmoja wa shauri haustahili kushika ufunguo wa gereza.

Jambo hili lina historia. Katiba ya 1965 haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Hoja ya viongozi wa wakati ule ilikuwa kwamba taifa changa lisifungwe mikono na mabishano ya mahakamani wakati linapambana na umaskini. Haikuwa hoja ya kipuuzi, ingawa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilionyesha gharama yake. Mwaka 1984 haki hizo ziliingizwa katika Katiba, na tangu Machi 1988 raia akaweza kuzidai mahakamani. Miongoni mwa walionufaika mapema ni Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu na kukuta sheria imemfungia dhamana. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alimpa haki, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ikatamka kwamba kifungu kilichotumika kilikwenda kinyume cha Katiba. Kilinyima dhamana bila kuweka utaratibu wa kumtenganisha mtu wa hatari na asiye wa hatari. Kanuni ya namna hiyo ni kama juya, hukokota papa na dagaa pamoja.

Mwaka 2018 Mahakama hiyo hiyo ilikubali tena hoja ya namna hiyo, safari hii katika shauri la wakili Jeremia Mtobesya. Kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu, pasipo mshtakiwa kusikilizwa, kikaanguka.

Lakini orodha ya makosa yasiyo na dhamana ilibaki. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, iliibatilisha. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaona kwamba haipingani na Katiba. Hukumu hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kusema kwamba Katiba inairuhusu sheria si kusema kwamba sheria hiyo ni njema, na Bunge halikukatazwa kuitazama upya.

Watetezi wa orodha hiyo husema jambazi mwenye bunduki akiachiwa atatisha mashahidi. Ni kweli, na hakuna mwananchi anayetaka jambazi huyo mtaani kwake. Lakini hakimu aliyepewa uwezo wa kupima anaweza kumnyima jambazi dhamana leo hii, akaandika sababu zake, na mahakama ya juu ikazisoma. Orodha haiandiki sababu.

Madhara yake yalionekana Septemba 2019. Rais John Magufuli alitangaza nafasi kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurejesha fedha, na mwishoni mwa mwezi huo Mkurugenzi wa Mashtaka akatoa taarifa kwamba washtakiwa 467 walikuwa wamejitokeza, wakiwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Fedha ya umma kurudi hazina ni jambo la kufurahiwa. Lakini anayekiri akitokea nyumbani, akiwa na wakili wake, hafanani na anayekiri baada ya kukaa mahabusu miaka bila kujua siku ya kusikilizwa. Wa pili huenda ni mwizi, huenda pia ni mhasibu asiye na kosa aliyechoka kuwakosa watoto wake. Kwa utaratibu huo dola yenyewe haiwezi kujua, na hapo maslahi ya umma yanapotea mara mbili: mwizi analipa sehemu na kwenda zake, na asiye mwizi analipa ili aende zake.

(Wala tusisahau sharti lililokuwamo katika Toleo la 2002 la sheria, kwamba mali inayobishaniwa ikizidi shilingi milioni 10, mshtakiwa aweke nusu ya thamani ndipo apewe dhamana. Mwenye nusu hiyo mkononi ni nani?)

Mwaka 2022 Bunge liliingiza kanuni kwamba upelelezi ukamilike kabla mtu hajafikishwa mahakamani. Ni hatua ya maana, ila makosa mazito yaliachwa nje yake, na humo ndimo yalimo mengi ya makosa yasiyo na dhamana.