Sanduku ilipie utando gani wa miwani?

Maneno tuliyosema kwa mkutano wa chama, Likasi



Wengi wetu tulirudi na miwani ya Zambia, ya Afrika Kusini ao ya Bulaya. Sasa imechoka, na maombi yanafika kwa sanduku. Kila karatasi ya bei iko na mistari mingi: utando wa mikwaruzo, antirefle, mwanga wa bluu, vioo vya kugeuka rangi. Kila mstari na bei yake. Sanduku ni ya sisi wote, basi tupatane itoe feza kwa nini.

Kwanza, namba. Hakuna utando unaosahihisha namba. Feza ikiwa kidogo, tulipe kupimwa macho na vioo vya kawaida. Ingine itangoja.

Pili, vumbi. Vioo vingi vya leo ni plastiki: vyepesi, havipasuki upesi, lakini vinakwaruzika. Wakati wa kiangazi, toka Kikula mpaka Panda, vumbi inaingia mpaka ndani ya kabati. Kwa hiyo utando mgumu njo wa lazima. Lakini ukipangusa kavu na pindo la shati, vumbi inakuwa msasa. Mwaga maji kwanza, tia sabuni kidogo, halafu kitambaa laini cha pamba.

Tatu, jua. Weusi wa kioo usitudanganye. Nyuma ya kioo cheusi mboni ya jicho inafunguka. Kama kioo hakizuii mionzi ya ultravioleti, inaingia mingi zaidi. Tafuta alama ya UV 400. Hata kioo cheupe kinaweza kuizuia. Plastiki inayoitwa polikaboneti inaizuia yenyewe, basi usilipe mara mbili. Na alama ya kubandika inaweza kusema uongo: optisie akiwa na mashine ya kupima, apime mbele yako.

Nne, antirefle. Kioo cha plastiki cha kawaida kinarudisha karibu 8 kwa mia ya mwanga. Mchana hauoni shida. Lakini shofere anayetoka Lubumbashi usiku, kilomita karibu 120, akikutana na taa za makamio, anaona taa pamoja na vivuli vyake. Huyu tumlipie. Ili kujua kama utando uko, weka kioo chini ya taa nyeupe: mng'ao mweupe, hakuna, mng'ao wa kijani ao zambarau, uko. Usiache miwani mbele ndani ya gari juani, joto inapasua utando huo.

Vioo vya kugeuka rangi ni vizuri kwa anayetembea kwa miguu. Ndani ya gari havigeuki vizuri, juu kioo cha gari kinazuia ile mionzi inayovigeuza.

Tano, mwanga wa bluu. Mwaka 2023 wachunguzi wa Cochrane walichambua majaribio 17. Waliona kwamba, kwa muda mfupi, vioo hivyo pengine havipunguzi uchovu wa macho mbele ya kompyuta kuliko vioo vya kawaida. Anayependa alipe mwenyewe.

Sasa bandugu wanaochomelea vyuma. Kwa moto ule hakuna utando, hakuna miwani ya jua, hata ya bei gani. Unachoma jicho, na usiku inakuwa kama mchanga ndani. Kinachofaa ni kofia ya kuchomelea yenye kioo chake cheusi. Mmoja wao akiomba miwani na hana kofia, tununue kofia kwanza.

Basi hii njo mpango tunaoleta kwenu: namba, utando mgumu, kinga ya ultravioleti. Antirefle kwa wanaoendesha usiku. Mbele ya kulipa, kila mtu alete karatasi ya bei, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Macho ya mmoja yakilala, nyumba nzima inarudi kwa sanduku.