Koili ya vepu: pima kabla ya kuwasha

Tangu tarehe 1 Juni 2025 ni kosa nchini Uingereza kuuza vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ya kutumia mara moja na kutupa. Kabla ya hapo, Material Focus, shirika linalohimiza urejelezaji wa vifaa vya umeme, lilikadiria mwaka 2023 kwamba Waingereza walikuwa wakitupa vepu kama milioni 5 kila wiki, na ndani ya kila moja mna betri ya lithiamu. Sasa sheria inataka kifaa kiwe kinachajika, kinajazika, na koili yake inaweza kubadilishwa. Hapo ndipo watumiaji wengi wamejikuta wakiulizia ufundi ambao wenzao wameufanya kwa miaka mingi juu ya meza za jikoni: kufunga koili kwa mkono wao wenyewe.

Niseme wazi kabla sijaenda mbali. Kama huvuti, usianze. Nikotini inashika, na ikikushika kuiacha ni kazi. Kwa walio Uganda, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku vifaa hivi kabisa. Ninachokisema leo ni kwa yule ambaye kifaa tayari anacho, au ana ndugu anayekaa mezani na koleo na waya, na hakuna aliyemweleza kinachoendelea ndani ya kitu kile kidogo.

Koili ni waya uliozungushwa kama springi, ukapitishiwa pamba katikati. Pamba inanyonya kimiminika, umeme unapita kwenye waya, waya unapata moto, kimiminika kinageuka mvuke. Hakuna la ziada. Kinachochakaa ni vitu viwili. Pamba inaungua, na vile vionjo vitamu vinagandamana juu ya waya kuwa ukoko mweusi. Ukisikia ladha ya kitu kilichoungua, pamba ndiyo imekwisha kazi yake.

Sasa, waya wenyewe. Huu si waya wa shaba wa kawaida, kwa sababu shaba inapitisha umeme kirahisi mno. Unatakiwa waya unaoukinza umeme na ambao hauliwi na kutu ukiwa mwekundu kwa joto. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu mwaka 1906, na ulisaidia pasi na majiko ya umeme kuenea. Baadaye Msweden Hans von Kantzow, katika mji wa Hallstahammar, akatengeneza Kanthal, ambao ni chuma, kromiamu na alumini. Huu hauna nikeli. Basi kama ngozi yako huwashwa na hereni za bei rahisi au mkanda wa saa, uelekee Kanthal na uuache ule mwingine.

Na tafadhali, usichomoe waya kwenye jiko la umeme bovu au kwenye hita ya kuchemshia maji. Najua mafundi wetu wana macho ya kuona spea ndani ya kila kitu kilichokufa, na ninawaheshimu kwa hilo. Lakini waya ule hujui umetengenezwa kwa madini gani, umeshaungua miaka, na unene wake haukupangwa kwa betri ndogo. Mvuke huu unaingia mapafuni, hauishii kwenye sufuria.

Tufanye hesabu, maana ndiyo moyo wa kipindi hiki. Mjerumani Georg Ohm alichapisha mwaka 1827 kanuni ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Betri ya vepu iliyojaa ina volti 4.2. Chukua waya wa Kanthal wenye unene wa milimita 0.4 hivi, ambao madukani huitwa namba 26. Mita moja ya waya huo ina omu 11 na kidogo. Ukitaka omu 1, unahitaji sentimita 9 hivi. Uzungushe kwenye shina la keekee ya milimita 3 na itakutosha mizunguko 8. Betri itatoa ampea 4.2, na koili itapata wati 17 na ushei. Hiyo ni koili ya kistaarabu.

Ila watu hawaishii hapo. Mtu anataka moshi mwingi, anaweka koili mbili kama hiyo pamoja kwenye kichwa kimoja cha vepu, pale koili inapokaa. Anadhani omu zimejumlishwa zikawa 2. Hapana, umeme umepata njia mbili za kupita, na ukinzani umeshuka kuwa omu 0.5. Ampea zimeruka hadi zaidi ya 8. Akinunua waya mnene na kupunguza mizunguko akafika omu 0.2, betri inadaiwa ampea 21. Kwa macho koili inapendeza kuliko ile ya kwanza, na betri ndiyo inayolipa.

Basi unavyofunga: tumia kichwa kilichotengenezwa kufungwa upya, chenye nguzo na skrubu. Kile kilichofungwa kiwandani hakikukusudiwa kufunguliwa, na ukikilazimisha utakiharibu mpira wake kikaanza kuvuja. Zungusha waya ukiuvuta vizuri usilegee, ingiza miguu yake kwenye nguzo, kaza skrubu, kata masalia kwa kikata kucha karibu kabisa na nguzo. Hapo pakazie macho. Ncha ya waya iliyobaki nusu milimita tu ikigusa mwili wa kichwa ni shoti tayari.

Kisha upime. Maltimita ya kawaida ina udhaifu wake: nyaya zake zenyewe zina ukinzani, na kwa koili ya omu 0.5 kosa hilo ni kubwa mno. Kwa hiyo gusanisha ncha zake mbili kwanza, soma namba inayoonekana, kisha uitoe kwenye jibu utakalopata kwa koili. Vepu yenye saketi ya udhibiti inakusomea omu kwenye kioo chake na ikiona shoti inakataa kuwaka. Ikikataa, usitafute namna ya kuilazimisha. Fungua, tafuta waya unapogusa.

Kama kipimo ni kizuri, bonyeza kitufe kwa sekunde moja, achia, rudia, kwa nguvu ndogo. Koili nzuri huanza kuwa nyekundu katikati na wekundu ukasambaa kwenda pembeni. Ukiona mzunguko mmoja unang'aa peke yake upande wa mwisho, mizunguko haijalala sawa. Ibane taratibu kwa kibano cha kauri, kidole kikiwa mbali na kitufe. Ikishapoa kabisa, ndipo uingize pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha. Ipite kwa kusuguana kidogo bila kukunja waya. Ilowanishe mpaka ikolee, kwa sababu pamba kavu ikipata joto inaungua palepale, na kimiminika kikizidishiwa moto huzaa formaldehidi na akrolini, sumu mbili ambazo hakuna mtu anayezitaka kifuani.

Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walipima mvuke wa vepu walizoletewa na watumiaji wenyewe, wakakuta risasi, nikeli na kromiamu. Madini hayo yalikuwa machache kwenye kimiminika kikiwa bado chupani, na yakaongezeka baada ya kugusana na koili. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba akifunga kwa ustadi mvuke unakuwa salama. Ninachosema ni kwamba anayefunga ovyo anajiongezea madhara ambayo angeweza kuyaepuka.

Nimeiacha betri mwisho kwa sababu ndiyo inayoua. Mei 2018 mtu mmoja Florida alifariki baada ya vepu yake kulipuka. Ilikuwa ya aina isiyo na saketi yoyote, bomba tupu lenye betri na kitufe. Bomba la namna hiyo halipimi wala halikatai. Ukiliwekea koili yenye shoti, litatii, na gesi ya betri iliyochemka ikikosa pa kutokea, chuma chote kinakuwa risasi.

Betri inayotumika sana ni ile ya 18650, milimita 18 kwa 65. Wanaozunguka Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, wanaijua: ndiyo ile ya tochi, na ndiyo inayotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa. Ya kompyuta imeundwa kutoa umeme polepole. Ukiidai ampea 20, utaichemsha. Na ukikuta imeandikwa 9,900 mAh ujue umedanganywa, maana zilizo bora katika kimo hicho hubeba kama 3,500. Aliyedanganya ujazo atashindwaje kudanganya ampea?

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Mwili mzima wa betri hiyo ni upande wa hasi, mpaka ule ukingo unaozunguka kichwa cha chanya. Kinachovitenganisha kwa juu ni pete nyembamba ya karatasi na ile plastiki ya rangi iliyovishwa nje. Plastiki ikichanika, funguo mfukoni zinatosha kuunganisha chanya na hasi.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala, toa betri ya kifaa chako uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa plastiki imechubuka, au betri imevimba au ina kovu, usiirudishe na usiitupe jalalani. Zibe ncha zake kwa utepe na uipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu. Chupa ya nikotini iweke juu, pasipofikiwa na mtoto. Na kama kifaa chako ni lile bomba tupu, liache.