Je, Jamii ya Leo Imevuka Zama za Usasa?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wapo vijana wetu wanaorejea kutoka vyuoni wakisema kuwa dunia imeingia zama za baada ya usasa, na kwamba katika zama hizi hakuna haki moja wala batili moja, bali kila mtu ana ukweli wake. Baadhi ya wazazi hughadhibika, wengine hunyamaza. Sisi tunaona bora kauli yenyewe ipimwe.

Kauli hii imetoka wapi?

Usasa ni itikadi iliyokomaa Ulaya katika karne ya 18, kuwa akili ya mwanadamu, sayansi na dola iliyopangika vitamfikisha kwenye heri. Mwaka 1979, mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-François Lyotard, katika ripoti aliyoandikia baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, Canada, alidai kuwa watu wamekwisha kupoteza imani juu ya masimulizi makuu ya namna hiyo. Naye Charles Jencks, mwandishi wa mambo ya usanifu majengo, alitoa mfano wa Pruitt-Igoe, majumba 33 ya ghorofa 11 mjini St. Louis, Marekani. Yalijengwa miaka ya 1950 ili kuwapa watu wa kipato cha chini makazi ya kisasa, yakaanza kubomolewa kwa baruti mwaka 1972.

Uadilifu unatutaka tukiri kuwa ndani ya hoja hizi mna haki. Usasa huo huo ulitawala Afrika kwa jina la ustaarabu, na ukaitumbukiza dunia katika vita vikuu viwili. Hata sisi Tanzania tulikuwa na simulizi letu kuu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliahidi usawa, na wazee wetu wengi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Mwaka 1991, kikao cha chama tawala kule Zanzibar kikalegeza miiko ya uongozi. Anayetilia shaka ahadi za wakubwa si mjinga.

Je, jamii imebadilika kweli?

Kwanza, wataalamu wenyewe hawakuafikiana. Jürgen Habermas, akihutubia Frankfurt mwaka 1980, alisema kuwa mradi wa usasa haujakamilika. Anthony Giddens aliandika mwaka 1990 kwamba tunaishi ndani ya matokeo ya usasa uliozidi makali, wala hatujatoka nje yake. Zygmunt Bauman, aliyekuwa miongoni mwa walioeneza neno hilo, aliliacha na mwaka 2000 akazungumzia usasa ulio mfano wa kimiminika.

Pili, tutazame maisha yetu. Kenya ina Dira ya 2030. Tanzania iliweka Dira ya 2025, kisha ikaandika Dira ya 2050. Je, hawa ni watu walioacha kuamini simulizi la maendeleo? Laini ya simu haisajiliwi bila alama ya kidole. Mtoto akiugua, yule asemaye kuwa kila mtu ana ukweli wake hataki simulizi la daktari, hutaka kipimo sahihi. Pesa zikipungua katika simu yake, hudai hesabu hadi senti ya mwisho. Shaka yake huanza pale tu inapotajwa halali na haramu.

Hivyo basi, jibu letu ni kuwa jamii ya leo haijavuka usasa. Dola ipo, soko lipo, mashine ipo, na vyote vimezidi nguvu. Kilichobadilika ni kwamba mizani ya maadili imewekwa kando na kuitwa maoni ya mtu.

Hasara ya jambo hili humpata nani? Humpata mnyonge. Mjane aliyeporwa shamba la mirathi hana silaha ila kusema: hii ni dhulma. Tukikubali kuwa kauli yake ni simulizi moja na ya aliyempora ni simulizi jingine, mbili zilizo sawa, kadhi hana la kuhukumu, na shamba litabaki kwa mwenye nguvu.

Nasaha zetu

Tusiwafukuze vijana kwa sababu ya maswali yao. Imamu Ghazali (r.a.), aliyefariki mwaka 1111, alipata kutilia shaka hata ushahidi wa macho yake, na hakuona haya kulieleza hilo. Alitafuta, mpaka Allah akamtuliza.

Na tujihasibu wenyewe. Tunapopokea habari katika simu na kuisambaza bila kuihakiki, ilhali Qur'ani imetuamrisha kuhakiki, na tunapotafuta fatwa mpaka tuipate inayoridhisha nafsi zetu, tofauti yetu na wale tunaowalaumu iko wapi? Sisi pia tumeshasema kwa vitendo kuwa kila mtu ana ukweli wake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuoneshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Amin.