Mji Uliochorwa Upya Baada ya Moto

Leo tutasafiri kwa masikio mpaka nchi ya Urusi, katika mji wa Tver. Mji huo uko kando ya mto Volga, katika njia itokayo Moscow kwenda St. Petersburg.

Zamani nyumba nyingi za Tver zilikuwa za magogo. Njia zilikuwa nyembamba, tena za kupindapinda, na nyumba zilibanana. Mwezi wa Mei, mwaka 1763, moto ulizuka ukala sehemu kubwa ya mji. Nyumba za magogo zilizobanana ni kuni zilizokwisha kupangwa.

Watu walizoea kujenga tena pale pale, kila mtu juu ya majivu yake. Safari hii serikali ya Malkia Catherine wa Pili ilikataa. Kwanza mji uchorwe, ndipo ujengwe. Kazi hiyo alipewa mchora ramani za majengo, Pyotr Nikitin, pamoja na wenzake. Wakachora njia tatu pana, zilizonyooka, zikitoka mahali pamoja na kutawanyika kama vidole vya mguu wa bata. Ile ya katikati ilipita katika uwanja wenye pembe nane. Kando ya njia kuu zilijengwa nyumba za matofali, kimo chake kimoja, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moto hauruki kwa urahisi juu ya njia pana.

Lakini haikuwa hofu ya moto tu. Wakubwa wa Ulaya wa siku zile walipenda mno kazi za Wayunani na Warumi wa kale: mstari ulionyooka, nguzo, vipimo vilivyolingana. Katika utawala wa Catherine, tangu 1762 hata 1796, miji zaidi ya 400 ya Urusi ilichorewa ramani mpya.

Mji wa Kostroma uliungua mwaka 1773. Njia zake mpya zilitandazwa kama upepeo, na wenyeji husimulia kwamba Malkia aliulizwa anataka mji wa namna gani, naye akafungua upepeo wake tu. Hiyo ni hadithi, lakini ni hadithi tamu. Huko Yaroslavl, ramani ya 1778 haikulibomoa kanisa la Nabii Eliya, lililojengwa tangu 1647 mpaka 1650. Liliachwa katikati ya uwanja, na njia zikaelekezwa kwake. Kwa maoni yangu, hao ndio waliochora vizuri kuliko wote.

Sasa mfikirieni mtu maskini. Ua wake ulikuwa wa baba yake, na mstari wa mchoraji umepita katikati yake. Kujenga kwa matofali hawezi. Basi mtu kama huyo alipewa kiwanja pembeni mwa mji, akajenge huko kwa magogo, mbali na soko.

Mwalimu, waulize wanafunzi: mtu huyo alistahili kupewa nini? Kisha waandike katika madaftari yao: ramani, kiwanja, uwanja, mstari.