Njia Tuliyodhani Tunaijua

Mazungumzo mbele ya wanachama na vijana wanaojiandaa kwenda kusoma nje

Tumeombwa tueleze namna ya kusafiri kwenda kusoma nje. Tutaeleza namna sisi tulivyokosea.

Tulikuwa watatu, wote watoto wa kambini. Tulipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Dar es Salaam. Tukajiambia: njia ya Tanzania nani atatufundisha? Lakini mnakumbuka tulivyorudi nyumbani, kuanzia 2005: orodha, malori hadi bandari ya Kigoma, meli mpaka Baraka, na mtu wa kutuhesabu kila tuliposimama. Mwanafunzi hana msafara. Anajihesabu mwenyewe.

Tuliondoka Baraka Jumanne mapema. Kabla ya Makobola mvua ilikuwa imekata barabara, tukalala ndani ya gari. Uvira tukafika Jumatano mchana. Hatukulalamika, juu mvua si kosa la mtu. Kosa letu lilitungojea mpakani, ndani ya kadi ya manjano.

Kadi ya homa ya manjano inaanza kukubalika siku ya 10 baada ya sindano. Wawili wetu tulichanjwa zamani. Dada yetu alichanjwa Jumatatu, siku moja kabla ya safari. Mtu wa afya aliangalia tarehe, akamrudishia kadi: arudi Alhamisi ya wiki ijayo. Siku nane.

Tulikaa chini ya mti tukazungumza, hata nusu saa haikufika. Masomo yanaanza Jumatatu. Tukingojea wote, chumba na chakula vitakula nauli. Tukamwambia: utatufuata. Tukamwachia dola 40, tukavuka.

Haraka yetu nayo haikutusaidia. Kigoma tulifika kituo cha basi alfajiri, tukafurahi kuwa wa kwanza. Kumbe saa zetu za mkononi zilikuwa bado za Uvira, na Tanzania iko mbele kwa saa moja. Basi limeshaondoka. Tukalala Kigoma siku nyingine.

Chuoni, karani wa usajili alituambia bila hata kuinua kichwa: wanaotoka nje wamepewa wiki mbili zaidi, wengi wamechelewa. Wiki mbili! Siku nane zingeingia humo na nyingine zingebaki. Tulipompigia dada simu, pesa ilikuwa imemwishia, amerudi Baraka juu ya mizigo ya lori. Muhula ule hakusoma, na nafasi ile haikurudi tena. Michango yenu, wandugu, ilikuwa ya watu watatu.

Sasa vijana, sikieni. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengine wanasema mipaka imekwisha. Kadi bado inaombwa. Chanjweni mwezi mzima kabla, mkasome wenyewe tarehe iliyoandikwa. Mkivuka Manyovu, sogezeni saa mbele. Mkichelewa, pigeni simu chuoni mkiwa bado njiani, kabla ya kuamua lolote. Sisi tuliogopa mlango ambao hatukuubisha.

Na ninyi wazazi: tukichanga nauli, tuchange pia pesa ya kungojea, chumba na chakula cha siku 10 kwa kila mtoto. Isichanganywe na nauli. Akifika bila kuitumia, airudishe kwenye sanduku, imsaidie anayefuata. Pesa hiyo ingekuwepo siku ile, tungekaa Uvira wote watatu.

La mwisho. Wakitoka watatu, wafike watatu. Anayetaka kumwacha mwenziwe apige kwanza simu nyumbani, aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Sisi hatukupiga, na tunajua kwa nini: tulijua mngekataa.

Dada yetu yumo humu ndani leo. Tulipomwomba ruhusa ya kusimulia haya, alicheka, akasema: semeni, ila msisahau kusema kwamba dola 40 hazikufika hata Jumapili. Tumesema, dada. Na mbele ya watu wote hawa tunasema tena: utusamehe.